Kunguru wa Dar es Salaam hawana msimu wa njaa

Shemeji yangu anayeishi Ohio, nchini Marekani, kila baridi inapokolea huko hunieleza namna anavyowapunguza shomoro na kwezi wa Ulaya uani kwake kwa bunduki ya upepo. Safari hii amenishauri nami niitafute bunduki hiyo, nikabiliane na kunguru wanaonimalizia vifaranga hapa Tabata. Ushauri wake nimeupima kwa makini, maana shemeji si mtu wa kusema ovyo, na adha yao na yetu zina asili moja. Hata hivyo, nimeamua kutoufuata, na sababu zangu zinawahusu wengi wanaofuga kuku katika jiji hili.

Mwaka 1890, Mmarekani mmoja aitwaye Eugene Schieffelin aliwaachia kwezi wa Ulaya wapatao 60 katika bustani ya Central Park, New York, na mwaka uliofuata akaongeza wengine 40. Shomoro walikuwa wameshatangulia, kwani waliletwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890, huku kwetu, kunguru wa India waliletwa Zanzibar chini ya utawala wa Waingereza ili wale taka za mji. Taka hazikuisha, lakini kunguru wakaongezeka, wakavuka bahari na kuenea pwani yote ya bara. Waliowaleta ndege hao walidhani wanafanya jambo jema, na gharama yake wameachiwa vitukuu.

Kwa shemeji, bunduki ina mantiki yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wahamao haiwalindi shomoro na kwezi wa Ulaya, kwa kuwa ni wageni, na ni wageni wakorofi: huingia katika matundu ya miti na visanduku vya viota, wakawafukuza au kuwaua ndege wa kienyeji. Majira ya baridi huko miti mingi hupukutisha majani, theluji hufunika ardhi, na chakula huwa adimu, hivyo ndege hulazimika kukusanyika mahali pale pale walipowekewa nafaka. Mtu mwenye subira hukaa dirishani na kumlenga ndege mmoja mmoja kwa umbali mfupi, huku nyuma ya shabaha akiwa ameweka ubao mnene wa kuzuia risasi. Kila ndege anayeondolewa kabla ya majira ya kuzaliana ni jozi moja pungufu ya kugombea matundu. Mwenye kumlazimisha ndege aje hapo ni njaa. Bunduki humalizia tu.

Sisi tuna kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi huvuma, asubuhi hupoa kidogo, watu wakavaa masweta, lakini mwembe na mwarobaini hubaki na majani yake, na jalala hubaki na vyakula vyake. Kunguru wa Tabata hana mwezi hata mmoja wa kubembeleza punje uani kwangu. Akikosa kifaranga kwangu, atapata mabaki ya chipsi kwa jirani, matumbo ya samaki sokoni Feri, au mfuko uliopasuka kando ya barabara. Ndege mwenye meza nyingi kiasi hicho halazimiki kurudi kwenye meza yenye bunduki.

Isitoshe, kunguru ana akili. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na huyu wa India ameutia woga wake elimu: hutambua mtu anayemtishia, hupiga kelele za kuwaonya wenzake, na baada ya mmoja kuanguka kundi zima huhamia paa la jirani na kukutazama kutoka huko. Kwa hiyo bunduki inaweza kukupa utulivu wa siku chache katika ua mmoja, lakini idadi ya kunguru mtaani haitikisiki.

Usalama nao ni jambo zito. Bunduki ya upepo huonekana kama mchezo wa watoto, ilhali risasi yake ya milimita 4.5 au 5.5 inaweza kumpofua mtu. Nyumba zetu zimebanana, kuta za jirani ni fupi, mabati yako pande zote, na kunguru hupenda kutua juu, kwa hiyo mpigaji huelekeza mtutu angani bila kujua risasi itaangukia wapi. Risasi hizo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mwewe au paka atakayeula mzoga. Ipo pia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015; anayeitamani bunduki ya aina yoyote aanzie kituo cha polisi kabla ya kuinunua. Kisha kuna hatari ya kumuua asiyehusika: kunguru wetu wa asili, mkubwa kidogo na mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye tayari amesukumwa pembeni na huyu mgeni mwenye shingo ya kijivu.

Ninachokiamini zaidi ni mtego wa aina inayojulikana kama mtego wa Malawi. Ni kizimba kikubwa cha mbao na wavu, chenye mwanya juu ambao kunguru hupita akiwa amekunja mabawa, lakini akitaka kutoka hulazimika kuyakunjua na hapo hukwama. Ndani huwekwa kunguru mmoja aliye hai wa kuwavuta wenzake, pamoja na chakula, maji na kivuli, kwa sababu kumtesa ndege juani si udhibiti. Mtego sharti ukaguliwe kila siku, ndege wa aina nyingine waachiwe, na kunguru walionaswa wauawe haraka na mtu anayejua kazi hiyo. Fundi yeyote wa mabanda ya kuku anaweza kuutengeneza. Viota navyo viondolewe kwa ufito mrefu wakati wa kuzaliana, na zoezi hilo lirudiwe, kwa kuwa wataanza kujenga upya mara moja.

Sumu iitwayo Starlicide, iliyobuniwa Marekani dhidi ya kwezi wale wale wa shemeji, imetumika pia katika pwani yetu. Miaka ya 1990 Zanzibar ilifanya kampeni iliyowapunguza kunguru kwa kiasi kikubwa, lakini ilipokoma wakarudi. Mwaka 2024 Kenya nayo ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye idhini, wala si ya mtu wa kuchanganya sumu jikoni kwake.

Kama tunataka faida ile ambayo majira ya baridi humpa shemeji, itabidi njaa tuilete wenyewe. Hapa mtaani tumeanza kuweka taka katika mapipa yenye vifuniko na kuzitoa asubuhi ya siku ya gari tu, badala ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Mama lishe wa kona yetu amekubali kufukia matumbo ya samaki, na vifaranga wangu wanakaa chini ya wavu hadi wakue. Mtego utasimamishwa kabla ya mvua za vuli, uani kwa jirani yangu mwenye nafasi kubwa kuliko mimi, na zamu za kuukagua tumeshagawana.