Nilivyokitafuta chanzo cha maji ukutani kabla ya kubomoa

Doa lilianza dogo kama kiganja, chini kabisa ya ukuta wa chumba cha kulala, ule unaopakana na bafu. Wiki mbili baadaye rangi ilikuwa imevimba kama lengelenge. Nilipoibonyeza kwa kidole ikapasuka, ukamwagika unga mweupe wenye unyevu. Fundi bomba alikuja, akagongagonga vigae vya bafuni, akasema bomba limepasuka ndani ya ukuta, tubomoe. Nikamwambia, "Fundi, nipe wiki moja nichunguze kwanza." Akajibu, "Sawa, lakini maji hayangoji."

Nilianza na mita. Saa nne usiku nilihakikisha koki zote zimefungwa, nikapiga picha tarakimu zake. Kwenye mita yangu tarakimu nyeusi ni uniti, na uniti moja ni lita 1,000; nyekundu zinaonyesha lita. Kuna pia kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo tu. Kilikuwa kinazunguka. Saa kumi na mbili asubuhi zilikuwa zimepita lita 96, yaani lita 12 kila saa, na usiku kucha hakuna aliyefungua bomba wala kuvuta choo.

Nilikaribia kumpigia fundi simu aje na nyundo. Lakini kwanza nikafunga koki ndogo inayopeleka maji kwenye tangi la choo, na kigurudumu kikasimama pale pale. Nikaifungua tena, nikatia rangi ya chakula ndani ya tangi, nikakaa dakika 20 bila kuvuta maji. Bakuli la choo likawa na mchirizi mwekundu, mwembamba kama uzi. Raba ya chini ya tangi ilikuwa imekakamaa, haizibi tena. Nilibadilisha raba, na usiku uliofuata mita haikusogea hata lita moja.

Doa nalo likazidi kukua.

Hapo nilielewa kwamba nilikuwa na mivujo miwili isiyohusiana. Mita huhesabu maji yanayoingia ndani. Yakishatoka kwenye bomba la kuogea, yanakopita hakumo kwenye hesabu yake. Na bomba lenye presha likipasuka huvuja usiku na mchana, kwa hiyo swali langu likabadilika: ukuta huu unalowa saa ngapi? Nilichukua penseli, nikachora mstari kuzunguka doa asubuhi na jioni, na kila mstari nikauandikia saa. Siku tulizooga, mstari wa asubuhi ulivukwa kwa upana wa kidole. Siku mbili ambazo hakuna aliyeoga bafuni humo, doa halikusogea.

Basi ni maji ya kuoga, ila yanapitia wapi? Nilijaribu jambo moja moja, na kati ya jaribio na jaribio nilingoja, maana ukuta huchelewa kusema. Kwanza nilimimina ndoo tatu moja kwa moja kwenye tundu la kutolea maji, bila kulowesha kitu kingine. Kimya. Kesho yake nikaziba tundu kwa kitambaa, nikajaza sakafu maji ya kina cha sentimita 2, nikayaacha saa tatu. Kimya pia, kwa hiyo sakafu na bomba la maji machafu viko salama. Mwisho nikarushia maji vigae vya ukutani, nikianzia chini na kupanda taratibu, kwa sababu ukianza juu maji yatateremka na kulowesha kila sehemu, usijue yameingilia wapi. Nilipofika usawa wa koki ya kuogea, baada ya nusu saa doa likaanza kung'aa.

Nilifungua ile sahani ya chuma iliyo nyuma ya koki. Kigae kilikuwa kimekatwa vibaya, kimeacha pengo la vidole vitatu, na harufu ya ukungu ikanipiga usoni. Kila tulipooga, maji yalipenya nyuma ya sahani na kufuata bomba hadi chini.

Fundi alipokuja alimulika tochi mle ndani, akanyamaza kidogo, kisha akaomba silikoni. Tulizungushia juu na pembeni, chini tukaacha nafasi ndogo ili maji yakiingia yatokee nje, yasiende ukutani. Ukuta ulichukua wiki tano kukauka. Sikupaka rangi hadi mstari wa mwisho wa penseli ulipokuwa umezungukwa na plasta kavu ndani na nje.