Bibi na jembe

Jumapili nilikuwa Tukuyu kwa bibi. Mvua ya Rungwe mnaijua, tukabaki jikoni tunachoma mahindi. Nikamuuliza alipiga kura lini mara ya kwanza.

"Mwaka 1962, mjukuu wangu. Mimi na mama yangu, siku moja."

Nilinyamaza. Mama yake alikuwa ameshalima kahawa na migomba maisha yake yote, lakini kwenye uchaguzi wa kura tatu wa Tanganyika wa 1958, ambapo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, hakuhesabika. Ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au cheo kinachotambulika. Sheria haikusema "wanawake hapana". Lakini pesa ya kahawa ilikuwa mkononi mwa mume, na shule walipelekwa kaka zake. Mlango wazi, kizingiti kirefu! Hili linaniuma mpaka leo.

Ulipofika uchaguzi wa rais wa 1962, kila mtu mzima akaruhusiwa, awe anajua kusoma au hajui. New Zealand wanawake walipata haki hiyo 1893, Uswisi kwenye kura za taifa ni 1971. Ndiyo, mama yake bibi, wa Rungwe, aliwatangulia wanawake wa Uswisi!

Ila bibi anaupenda zaidi uchaguzi wa wabunge wa 1965, wagombea walipopewa alama za jembe na nyumba.

"Nilichagua jembe," akasema, akanigeuzia hindi. "Babu yako alitaka nyumba. Sikumwambia."