Kahamia Texas, New York bado wamo kwenye mshahara wake

Juzi baada ya isha dada angu kapiga simu toka Houston, kahamaki kweli kweli. Alikuwa anaishi New York, kampuni ikamruhusu afanyie kazi nyumbani, akaona basi bora niende zangu Texas, kule hakuna kodi ya mapato ya jimbo (majimbo ya hivyo yapo 9, hata Florida imo) nitabaki na ile ya serikali kuu tu. Akafunga mizigo. Mwisho wa mwezi kafungua slipu ya mshahara, New York wamechukua chao vilevile!!

Bimkubwa akauliza, kwani hao wanamdai nini mtu keshahama?

Kumbe New York wana kanuni yao. Kama ofisi yako ipo kwao, na wewe unafanyia kazi jimbo jengine kwa raha zako tu, siku hiyo wanaihesabu kama umefanya New York. Ili usihesabiwe lazima mwajiri mwenyewe awe anakuhitaji huko kwa kazi ambayo ofisini haifanyiki. Sasa dada kituo chake cha kazi bado kimeandikwa Manhattan, hapo hapo New York, kila baada ya miezi mitatu anakwenda kwenye vikao, halafu barua yake inasema "ameruhusiwa" kukaa Texas, haisemi "ametakiwa". Yaani neno moja hilo ndo linamla pesa.

Yupo profesa wa sheria, Edward Zelinsky, nyumba Connecticut kazi New York, siku nyengine anaandika zake nyumbani, akaona kwa nini nilipe New York siku ambazo sikutia mguu, akaenda mahakamani na mwaka 2003 mahakama ya juu ya jimbo ikamwambia lipa. Huyo mwenye sheria zake, sisi tutafika wapi.

Na kinachouma zaidi, angalau angehamia New Jersey. Pale kodi ipo lakini ulichowalipa New York wanakupunguzia kwenye yao. Texas hawana kodi, watakupunguzia kwenye nini?

Mie huku nipo Mpendae, Unguja, bosi yupo Dar na sijawahi kuwaza haya, maana kodi ya mapato ni jambo la Muungano, sheria moja, TRA anakusanya huku na kule, nikae Unguja nikae Kariakoo ni yeye yule. VAT ndo mambo mbali, huku ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, lakini hiyo haigusi mshahara wangu.

Dada kamuomba bosi abadilishe ile barua, ila na kazi yenyewe nayo iwe inamtaka Texas kweli, karatasi tupu haisaidii. Jibu bado. Bimkubwa kamwambia si urudi tu Unguja mwanangu. Dada kacheka, "Mama, hata nikija kukaa na laptopu hapo barazani kwako, New York wanaweza kuihesabu hiyo siku."