Spoki moja imelia "tup"

Leo nimeshinda karakana hapa Coventry na Jaguar E-Type, gari la zamani la mashindano, magurudumu ya spoki, kila moja spoki 72, nikajua kazi ni kung'arisha tu.

Kumbe mzee ninayefanya naye kazi anachukua spana ndogo anagonga moja moja anasikiliza. Ting, ting, ting...

Halafu moja ikasema tup.

Akanitazama tu. Imekatika pale kwenye kona inapoingia kwenye habu (kile kitovu cha gurudumu), kwa macho huioni. Na gari Jumamosi linaingia uwanjani!!

Tukafungua ile nati ya katikati inayobana gurudumu kwa nyundo ya shaba, meno ya habu yanayoshika gurudumu makavu, grisi hata tone 🤦🏾

Sasa kila baiskeli nikiiona nataka kuigonga. Mafundi baiskeli humu, nyie pia mnasikilizaga?