Juni tuliyohamisha maji moto

Mwaka ule mvua ziliisha mapema na mikorosho yetu kule Tandahimba ikaanza kutoa majani mapya. Huo ndio msimu wa mbu wa mikorosho. Hufyonza chipukizi likiwa laini, hapo alipodunga pakawa peusi, chipukizi likakauka bila kutoa ua. Shamba letu halikuwa likipuliziwa dawa, kwa hiyo mjomba akaamua tuhamishe maji moto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani juu ya miti na kuwinda wadudu, kutoka kwenye miembe ya mpakani.

Kwanza aliwapima. Alimnasa mmoja kwa kijiti, akampeleka kwenye mwembe wa pili. Wakipapasana na kupishana, ni kundi moja. Wakikamatana miguu na kuvutana, ni makundi mawili, na hao ukiwachanganya huuana wao kwa wao badala ya kuwinda wadudu. Miembe mitatu ilikuwa ya kundi moja, ikakatwa viota vyote, hata vile vidogo vya kileleni. Kundi zima lina malkia mmoja. Akibaki nyuma, viota ulivyobeba hudumu miezi michache tu, kwani hakuna wa kuzaa vibarua wapya.

Kazi yenyewe ni ya alfajiri, wakati baridi imewaweka ndani. Mmoja alishika gunia wazi chini ya kiota, mwingine akakata kijitawi chote kwa panga, na mdomo wa gunia ukafungwa hapo hapo. Mikono tulikuwa tumeipaka majivu makavu, maana maji moto hawapandi vizuri penye majivu. Magunia hayakuachwa juani. Asubuhi ile ile yalifungwa kwenye panda za mikorosho, midomo wazi, na miti ambayo matawi yake hayagusani tukaiunganisha kwa kamba za katani ili wapite bila kushuka chini.

Chini ndiko kwenye adui: sisimizi wadogo wa kahawia wenye viota shinani. Hupanda kwa wingi na kuwamaliza maji moto, nao hustawi palipolimwa pakabaki peupe. Mjomba akasema, "Jembe lisiguse hapa mpaka Septemba." Majirani waliona nyasi wakadhani ni uvivu, lakini kwangu uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko viota vyenyewe.

Tulipomaliza, bibi alikuwa ameshaipua ming'oko, yaani viazi vya porini, na mbaazi mbichi zilizochemshwa na maganda yake, chumvi tu. Tukala chini ya mwembe, huku akina mama wakimenya muhogo wa makopa. Huo nao una masharti yake: upasuliwe mwembamba, uanikwe juu ya kichanja, na uingizwe ndani jioni, la sivyo umande huleta kuvu.

Maji moto hawatibu ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaofunika majani machanga na maua kama unga. Kwa huo tuliondoa maotea ya ndani ya mti kabla ya maua, maana ugonjwa hujificha humo.

Septemba tulifyeka nyasi chini ya kivuli cha kila mti, kwani korosho huokotwa chini na kwenye majani marefu hazionekani. Chipukizi nyingi zilikuwa na maua, na zenye weusi zilikuwa hasa kwenye miti ya pembeni ambayo kamba zake zilikatika. Msimu wa kuokota, waokotaji walijipaka majivu miguuni, wakaanza na miti hiyo ya pembeni.