Kabla ya Dar, Tulimjaribu Lindi

Kwenye fremu ya mlango wetu hapa Chuno, Mtwara, kuna mstari wa mkaa na pembeni yake namba 101, kimo cha binti yetu kwa sentimita. Nilimpima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea, akiwa peku, visigino vimegusa mbao, na bado baba yake akadai nimembania. Nimeshona sare za shule miaka tisa. Sijawahi kumbania mtu kimo.

Ugomvi wenyewe uliletwa na simu. Binti yetu ana miaka minne na nusu, tunamwita Somo kwa kuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba. Siku hiyo aliona kwenye simu ya jirani watoto wanateleza ndani ya mabomba ya rangi na kuchomokea majini, na kando yao limjusi likubwa la plastiki linafunua kinywa. Tangu hapo nyumba haikukalika. Baba yake, kwa huruma zake za jioni, akaahidi kumpeleka kwenye bustani ya michezo ya maji Dar es Salaam. Aliahidi kabla hajaniuliza, na kabla hajapiga hesabu.

Hesabu tukazipiga usiku, mtoto amelala. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi. Kwa ndege ni kama saa moja tu, lakini mtoto akishatimiza miaka miwili anakatiwa kiti chake, kwa hiyo tiketi tatu za kwenda na tatu za kurudi. Habari ya ndege ikaishia hapo, hakuna aliyebisha. Likabaki basi, siku nzima kwenye kiti.

Halafu wakati wa kwenda. Hapa ndipo sisi wa kusini tunapokwama kila mwaka. Likizo ya Juni barabara kavu, na mfuko nao mkavu. Pesa yetu ya ziada inatoka kwenye mikorosho michache ya mume wangu kule Tandahimba, na minada ya korosho huanza Oktoba. Mpaka malipo yatulie mkononi ni Novemba, Desemba. Desemba pesa ipo na shule zimefungwa, ila ndipo mvua za huku zinapoanza. Na nani amesahau Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ikakatika Somanga, watu wakalala njiani na watoto wao? Tukakubaliana mwanzoni mwa Desemba, kabla mvua haijachanganya.

Jambo la kimo alilivumbua mume wangu. Alikesha anasoma habari za Disney za Marekani, ambazo kwa mfuko wetu ni sawa na kusoma habari za mwezini, lakini alitoka na kitu. Kule kila mchezo wa kasi una kimo chake. Upo unaoanzia sentimita 97, upo wa 102, upo wa 112, na mingine 122. Mwenye 101 akifika kwenye mchezo wa 102 anarudishwa, alie asilie. Wala si roho mbaya. Kile chuma kinachomshikilia mtu kwenye kiti kimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na aliye mdogo zaidi anaweza kuchomoka. Mabomba makubwa ya maji nayo yana masharti ya namna hiyo. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia anampeleka mwanawe bustani ya michezo, namwuliza kimo cha mtoto kabla ya bei ya kiingilio. Unaweza kusafiri kilomita mia tano kwenda kumwonyesha mtoto jinsi watoto wa wenzenu wanavyofurahi.

Wazo la Lindi lilikuwa langu. Nikasema, kabla hatujakata kitambaa cha gharama, tujaribu kwenye kipande. Twende Juni hii kwa bibi yake Rahaleo, kilomita 110 tu, tulale siku mbili. Tuone kama anaweza kukaa kwenye basi, anaweza kusubiri kwenye foleni, na anaogopa nini.

Saa moja asubuhi tulikuwa stendi ya Mkanaledi, tumepanda Kosta. Konda akamwangalia Somo.

"Mama, huyo analipa kiti."

"Nampakata," nikasema.

"Anapakatwa huyo? Miguu inafika chini."

Somo akadakia, "Mimi nina mia na moja."

"Mia na moja haitoshi nauli, dada," konda akamjibu, basi zima likacheka. Nikalipa nusu. Ndivyo tulivyojua kwamba mpango wetu wa kumpakata hadi Dar ulikuwa ndoto. Desemba atakatiwa kiti.

Kwa ajili ya kutapika nilibeba kindoo cha lita moja chenye mfuniko, kile cha mafuta ya kupikia. Zamani ukisafiri ulikuwa unaomba rambo kwa konda, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mama mwenye mtoto anajitegemea. Nikabeba na ndimu ya kunusa, na asubuhi sikumpa maziwa, nilimpa kipande cha muhogo wa kuchemsha na maji kidogo. Tukapita Mikindani, mibuyu na maji ya ghuba upande wa kulia, Somo ametulia kabisa ananusa ndimu yake kama bibi harusi. Mbele kidogo nikaguswa begani. Kijana wa kiti cha nyuma, mtu mzima na ndevu zake, ananiomba kindoo.

Nilimpa. Ningefanyaje? Alipotaka kunirudishia nikamwambia, "Kaa nacho tu, mdogo wangu." Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Lindi, alishuka nacho mkononi, mfuniko umefungwa vizuri, ana adabu zake. Desemba nitabeba viwili.

Bibi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume?" Babu amefariki miaka mingi, lakini utani haujafa.

Nilipomweleza mama mkwe habari ya bustani ya maji, aliweka ungo chini. "Yaani mnatoa pesa ili mtu aanguke majini? Bahari hii hapa, na haina geti." Mume wangu akaanza kueleza mabomba, mawimbi ya mashine, mijusi ya plastiki inayonguruma. Kadiri alivyoeleza ndivyo mama yake alivyozidi kumtazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Jaribio la foleni tulilifanya kwenye pantoni ya kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Ilikuwa upande wa pili tulipofika, kwa hiyo tukasubiri pamoja na watu wa matenga, pikipiki na kuku. Mume wangu akawasha saa ya simu. Dakika ya 11 Somo akauliza inakuja lini. Dakika ya 18 akakaa chini, na gauni lenyewe jeupe. Dakika ya 25 akataka kwenda haja ndogo, na choo kiko nyuma kule tulikotoka. Tuliporudi, nafasi yetu imeshachukuliwa na mwenye kuku. Tukapanga palepale: Dar mmoja atasimama foleni, mwingine atakaa na mtoto kivulini, na chooni anapelekwa kabla ya foleni hata kama anasema hana haja. Hasa kama anasema hana haja.

Kilichonishangaza kilikuja pantoni ilipogota. Ule mlango wake wa chuma ulipoangukia saruji, ukalia *ngaa*, Somo akapiga yowe na kunipanda mpaka kiunoni. Nikadhani ndiyo imekwisha, ataogopa maji. Wapi! Tulipoondoka ufukweni alikuwa amening'inia kwenye chuma cha pembeni, baba yake amemshika gauni, anacheka na povu la maji. Mawimbi yanatikisa, yeye anataka zaidi. Tulipokaribia Kitunda akaziba masikio mapema, akasubiri mlango ulie, kisha akazibua. Wakati wa kurudi hakuziba tena. Alihesabu, "moja, mbili, tatu," na mlango ukalia kwenye nne. Akaugombeza.

Kwa hiyo si kimo, si maji. Ni kelele asiyoitegemea. Lile limjusi la plastiki linalonguruma, ambalo ndilo chanzo cha haya yote, huenda likawa ndilo litakalotukimbiza. Tutamwonyesha kwa mbali kwanza, alisikie mara mbili tatu, aamue mwenyewe.

Jioni maji yamekupwa, tukatembea ufukweni. Mume wangu, tangu zile usiku zake za simu, kichwa kimejaa mijusi. Akaanza kumsimulia mtoto kwamba mjusi wa kweli, yaani dinosaria wa zamani zile, alitoka hapahapa Lindi, kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji. Wajerumani walichimba kati ya mwaka 1909 na 1913, lakini majembe yalikuwa mikononi mwa watu wa huku, mamia yao, na msimamizi wao akiitwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa miguu, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Watu wa kusini tunamwita mjusi wetu, na bungeni ameshaulizwa zaidi ya mara moja.

"Mita kumi na tatu ni ngapi?" Somo akauliza.

Futi yangu haiachani na mkoba. Ina sentimita 150. Tukailaza mchangani, baba yake anachora mstari kwa kijiti, mimi nasogeza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukapita mashua iliyoegeshwa ubavu, tukapita mwamba. Mara ya nane tulikuwa mbali, na bado ikabaki mita moja na sentimita 27. Somo akasema hiyo iliyobaki ni yake, akalala chali juu ya mstari, nyayo kwenye alama ya nane, mikono ameibana ubavuni kama anapimwa mlangoni. Hakuijaza. Juu ya kichwa chake zikabaki sentimita 26, shibiri moja na kidogo, kaa mdogo anakatiza pale katikati.

"Kwa nini hakukaa hapa?" akauliza akiwa bado amelala.

"Hilo kamwulize bibi yako," baba yake akakwepa.

Akamwuliza kweli, wakati wa kula, mchuzi wa samaki umemfika kwenye viwiko. Bibi akatafuna polepole. "Wazee wetu waliyabeba mafupa yale kichwani wakayapitisha huku. Kwa nini hayakukaa, muulize baba yako, ndiye mwenye simu."

Usiku tukapanga upya. Desemba hatutatokea Mtwara moja kwa moja. Tutakuja kulala Rahaleo, kisha tupande basi hapahapa Lindi. Zile kilomita 110 za kwanza mtoto atakuwa ameshazisahau. Tutafika Dar jioni, tutapumzika siku nzima, bustanini tutaingia kesho yake asubuhi geti linapofunguliwa, tutoke saa saba jua likiwa kali na usingizi wake umefika. Mabomba makubwa hayamhusu mwaka huu, na tumeshamwambia, ili asije kulilia mlangoni.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nakunja nguo, mama mkwe akasimama mlangoni mwa chumba. Akauliza kama hayo mabomba madogo watu wazima nao wanaruhusiwa.

"Na wewe unataka kwenda, mama?"

"Nani amesema nataka? Nitamwacha mke mwenzangu aende na nani?" Akavua kandambili, akaegemea fremu, visigino vimegusa mbao. "Hebu nipime na mimi, nisije kufika huko nikarudishwa."

Futi ikaishia usoni kwake, nikaongezea kwa vidole. Somo akaleta mkaa kutoka jikoni. Nikaandika 156, bila kilemba.