Uvimbe wa Shingoni

Mwanangu wa pili alizaliwa na uvimbe upande wa kushoto wa shingo, mdogo kama ndimu, laini, usiomuuma. Mkunga aliupapasa, akaandika kwenye kadi, tukapewa tarehe ya kumwona daktari. Kabla haijafika, mtoto akashikwa na mafua, na uvimbe ukajaa ghafla hadi chini ya taya. Akilala anakoroma. Akinyonya anaachia ziwa katikati ili avute pumzi.

Nyumbani maneno yakawa mengi. Jirani alisema nilipokuwa mjamzito nilimcheka mtu mwenye rovu. Mama mkwe, ambaye nampenda sana, alikuwa na fundi wake wa kuchanja. "Mwanangu, hilo ni jipu. Likitumbuliwa usaha utatoka, mtoto apumue." Wembe ulishanunuliwa. Nikamwambia, "Mama, twende wote hospitali kwanza, usikie mwenyewe." Akachukua kanga yake tukaondoka.

Daktari wa upasuaji wa watoto alizima taa, akaweka tochi ndogo nyuma ya uvimbe. Ukawaka wote, mwekundu, mwanga umepenya hadi upande wa pili. Mama mkwe akasogea karibu. "Usaha hauangazi hivi, bibi," daktari alisema. "Haya ni maji."

Akatueleza taratibu. Mwilini kuna mirija ya limfu inayorudisha majimaji kwenye damu. Mtoto akiwa bado tumboni, baadhi ya mirija hiyo haikuungana sawasawa na mishipa ya damu, majimaji yakakwama, vikajengeka vifuko. Hakuna aliyemcheka mtu. Maambukizi kama mafua huvifanya vivimbe zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu koo la kichanga ni jembamba. Na wembe? Hapo shingoni mishipa mikubwa ya damu na neva hupita katikati ya vifuko hivyo. Ukitoboa unaingiza vijidudu, au unakata usichokiona, na maji yatajaa tena. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Sasa anyonye amelala vipi?"

Mtoto alilazwa hadi pumzi zikatulia, na picha ya utrasaundi ikathibitisha maneno ya tochi.

Ikaja habari ya sindano. Muuguzi alitaja bleomisini, akasema ni dawa ya saratani, miguu ikaniisha nguvu. Nilimshika daktari mkono wa koti. Akaniketisha: huu si saratani. Wanavuta maji kwanza, kisha wanaingiza kiasi kidogo cha dawa kulingana na uzito wa mtoto, nayo inaunguza kuta za vifuko kwa ndani hadi zishikamane. Dozi huhesabiwa kwa uangalifu kwa kuwa ikizidi hudhuru mapafu. Kisu kingesubiri, kitumike tu kama sindano zingeshindwa.

Hazikushindwa. Kila tuliporudi, uvimbe ulikuwa umesinyaa zaidi, mpaka ikabaki ngozi iliyolegea kidogo. Yule jirani alipokuja kumwona mtoto, mama mkwe ndiye aliyemweleza habari za limfu, kwa kirefu, na mimi nikaendelea kunyonyesha.